Mama Aliyesafishwa

Ndani ya fremu niliyoinunua kulikuwa na farasi. Alikuwa farasi mweupe anayekimbia ufukweni, picha ya kiwandani ya kupambia sebule za watu, na mama mwenye duka la vitu kuukuu pale La Rochelle, mtaa wa kusini mwa Johannesburg, hakutaka kuitoa. Nikamwambia farasi abaki naye, mimi nimefiwa, nataka mbao na kioo tu. Akaifunga fremu kwenye gazeti, farasi akiwa bado ndani, akanipa. Nikatoka nayo kwapani huku nikimchukia mnyama ambaye hajanikosea chochote.

Mama yangu alikuwa amefariki juzi yake, kwetu Bukavu, usingizini. Mimi naishi Bertrams, jirani na uwanja mkubwa wa mpira, kwenye chumba cha kupanga ambacho mchana ni duka langu la ushonaji na jioni ni nyumba yangu na binti yangu. Karatasi yangu ya ukimbizi hainiruhusu kurudi nyumbani; ukikanyaga kwenu, umeipoteza, na ukiipoteza huna pa kukaa. Kwa hiyo sikwenda kumzika mama. Wengi wetu huku hatuendi kuzika. Tunaweka matanga hapa hapa Johannesburg: viti vya kuazima kanisani, wanaume uani, wanawake kwenye mikeka, na chumbani meza ndogo yenye kitambaa cheupe, mshumaa, na picha ya marehemu ndani ya fremu.

Anayeingia haanzi na wewe mfiwa. Anaanza na picha. Anasimama mbele yake, anainamisha kichwa, wengine wanagusa kioo, wengine wanazungumza nayo kabisa, ndipo wanageuka kukupa mkono. Nalieleza hili taratibu kwa sababu kuna watu, na wengine ni wateja wangu wazuri, walioniambia, "Lakini si picha tu?" Hapana, si picha tu. Maiti hatuna, kaburi hatuna. Tukikosa na picha, tunalia mbele ya ukuta.

Na picha sikuwa nayo. Mama hakupenda kupigwa picha kwa sababu ya jicho lake. Kope la kushoto lilikuwa limelala tangu kuzaliwa, kama mtu anayekukonyeza bila kumaliza, na kila mpiga picha alimwambia, "Mama, fungua jicho." Akachoka kuambiwa. Picha zikianza kupigwa, yeye alikumbuka kitu jikoni.

Mdogo wangu wa kike, aliyebaki Bukavu kumtunza, alitafuta siku nzima akapata moja kwenye simu yake. Ilikuwa picha ya harusi ya ndugu zetu, kundi la watu, mama yuko pembeni kabisa nyuma ya kilemba cha shangazi. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuivuta kwa vidole hadi akabaki mama peke yake, akapiga picha ya skrini, akaituma kwenye kundi la familia, na kutoka huko ikazunguka kwa watu mpaka ikanifikia mimi.

"Njo hii tu iko, yaya," aliniambia kwa ujumbe wa sauti; kwetu yaya ni dada mkubwa, na njo ni ndiyo au ndiye. "Mama hakupendaka mapicha, unajua."

Kwenye simu, ikiwa ndogo kama kiberiti, alikuwa yeye mzima. Kope limelala. Anamchekea mtu ambaye hayumo pichani. Na mwanya unaonekana.

Nauzungumzia mwanya kwa sababu nao ni sehemu ya kazi yangu. Mama alikuwa mshonaji, na ndiye aliyenifundisha. Alipopiga pasi ya makaa hakuwa na chupa ya kunyunyizia. Alijaza maji mdomoni, akayarusha kupitia mwanya, na yakatoka membamba, sawasawa, yakaanguka juu ya kitambaa pale pale alipotaka. Sisi watoto tulijipanga kumtazama. Mwanya huo mimi ninao, na binti yangu anao. Mpaka leo, mteja akiwa hayupo, napiga maji vile vile, na binti yangu anacheka mpaka anakaa chini. Mteja akiwepo natumia chupa, maana wateja wa hapa wanaweza kukuitia polisi.

Nilikwenda kwanza kwenye duka kubwa la picha huko madukani kwa wenye nazo. Wanachapa, wanaweka fremu, wanakufungia na utepe. Nilipoambiwa bei nilicheka kwa sauti, dada wa kaunta akadhani nimefurahi. Ile ni bei ya watu wanaofiwa wakiwa wamejipanga. Nikarudi Bertrams kwa fundi wetu wa fotokopi, Mtanzania wa Kigoma, mtu mpole anayetengeneza simu, anapiga picha za pasipoti na kuuza maandazi ya mke wake kwenye kaunta hiyo hiyo.

"Pole sana na msiba, dada yangu," alisema. "Nitumie hiyo picha. Ila usiitume kama picha, itume kama dokyumenti, isipungue."

"Ilishapungua zamani," nikamwambia.

Akaifungua kwenye kompyuta yake, akaivuta ikue, akakuna shingo. "Eish. Hii imechoka, dada. Imepita mikono mingi mno. Ya pasipoti naweza kukutolea safi. Huu ukubwa unaoutaka wewe, sura itavunjika."

"Chapa."

"Dada, nakwambia ukweli."

"Na mimi nakwambia chapa."

Akachapa kwenye karatasi ya kawaida, ili tusiharibu ile ya kung'aa. Mama akatoka mashineni polepole, kuanzia kilemba. Alikuwa viraba vitupu. Viraba vya kahawia kwenye shavu, viraba vyeusi kwenye jicho, na mdomoni safu ya vyeupe na kimoja cheusi katikati. Nilimshika mama yangu mkononi na sikumwona. Nikamfokea fundi wa watu kama ndiye aliyemuua, na wateja wengine wakaacha kula maandazi.

Hakujibu ubaya. Alisubiri nikapumua, akasema ipo programu mpya kwenye simu yake, inasafisha picha zilizochoka, watu wengi wameshasafishiwa za wazazi wao. Akaiweka picha humo. Kikaonekana kiduara kinachozunguka, kisha akanigeuzia simu.

Alikuwa mwanamke mzuri sana. Ngozi laini, nyusi zimechorwa, kope zote mbili juu, macho yanang'aa, na meno yamejaa mdomo mzima bila nafasi ya kupitisha hata uzi. Kilemba kilikuwa cha mama. Hereni zilikuwa za mama. Huyo aliyezivaa nilikuwa sijawahi kumwona.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Ndiye mama. Kasafishwa tu."

"Mwanya uko wapi?"

Akaangalia ile ya zamani, akaangalia mpya. "Loo. Ngoja." Akaingiza tena. Safari hii meno yakaja makubwa zaidi. Akaingiza tena, na tena, na kila mara alikuja mwanamke mwingine, ndugu wa yule wa kwanza, wote macho kodo, wote meno kamili. Ile programu haikuwa na habari kwamba mtu anaweza kuzaliwa na mwanya na akaupenda. Iliuona ni uchafu wa picha, ikauziba. Jicho nalo ikalifungua, kama wapiga picha wote waliomtangulia.

Fundi alijaribu kuuchora mwanya kwa kidole. Mama akawa mtu aliyeng'olewa jino kwenye ugomvi. Tukaufuta.

Nje jua lilikuwa linashuka na watu wa kanisani walikuwa wameanza kunipigia kuuliza viti vikae wapi. Nilikuwa na mama wa viraba ambaye hakuna mgeni angemtambua, na nilikuwa na mama wa kupendeza ambaye hakuwa mama. Meza isingeweza kukaa tupu. Fundi akachapa ile safi kwenye karatasi ya kung'aa, na yule mwanamke alitoka mashineni mzima mzima, bila hata alama.

Kuhusu fremu sikuhitaji fundi. Mtu anayejua kukata kola hashindwi na fremu. Niliilaza kifudifudi kwenye meza ya kushonea, nikainua vijisumari vya nyuma kwa ncha ya mkasi, nikamtoa farasi, nikampeleka kwenye pipa la uani. Kioo nikakiosha kwa siki na kukikausha kwa gazeti lile lile lililofungia fremu. Picha ilikuwa ndogo kuliko fremu, kwa hiyo nilikata boksi la viatu, nikatoboa dirisha katikati kwa wembe na rula, nikalivika kitambaa cheupe kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi fulani, pembe nikazikunja kama pembe za mto. Ilipendeza kuliko zile za madukani, nasema bila haya. Lakini nilipoigeuza na kuitikisa, kila kitu kilicheza ndani. Nafasi ilikuwa kubwa. Nikatafuta cha kujazia, nikaona ile karatasi ya viraba kwenye mfuko. Kuitupa sikuweza. Nikaiweka nyuma ya ile safi, nikaongeza boksi la biskuti, nikarudisha vijisumari, nikaziba kwa gundi ya utepe ya kahawia. Fremu ikatulia.

Watu walikuja. Watu wetu wana mambo yao, lakini kwenye msiba hawakuachi. Wasusi walikuja na mikono inanuka mafuta ya nywele, walinzi walikuja na sare zao kabla ya kuingia kazini, wakasimama mmoja mmoja mbele ya yule mwanamke na kuinamisha vichwa.

"Mama alikuwa muzuri, wee!" wakaniambia. "Na bado kijana!"

Nikasema asante. Ungesema nini?

Kisha akaingia jirani yetu wa zamani wa Bukavu, mwanamke mzee aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, ambaye mama alimshonea nguo zake zote mpaka alipohama. Nilimsubiri huyo usiku kucha moyoni mwangu. Nilijua huyu atakuja, ataitazama, atashtuka, atasema kwa sauti, "Huyu si yeye," na mimi nitasimama mbele ya watu wote niseme, "Kweli, si yeye, mama yangu yuko nyuma." Alisimama mbele ya meza muda mrefu. Akaweka kiganja juu ya kioo. Machozi yakamtoka.

"Njo yeye," alisema. "Njo yeye kabisa."

Nililia pale mpaka wakanishika mabega. Waliimba kunituliza, wakidhani namlilia mama. Mama nilikuwa nimemlilia tangu simu ilipoita. Pale nilikuwa nalia kwa sababu watu waliomjua ni wachache, na mmoja wao alikuwa amekwisha kumsahau mbele ya macho yangu, tena kwa upendo.

Matanga yalipoisha, mdogo wangu aliona fremu kwenye picha za simu walizopiga watu wa kanisani. Akaniomba nimtumie ile picha nzuri. Nikamwambia hiyo si sura ya mama, imetengenezwa na programu, tazama meno.

"Yaya, usianze," alisema. "Mama amekufa. Unataka tugombane juu ya meno?"

Nikatuma. Yeye ndiye aliyemtunza mama na kusimamia mazishi, sikuwa na haki ya kumnyima picha. Siku ya kuondoa matanga Bukavu wakanitumia zao: kaka zangu, shangazi, watoto wa mtaa, wote wamevaa fulana nyeupe, na kifuani kwa kila mmoja yule mwanamke anacheka kwa meno yake kamili. Alikuwa kwenye msalaba pia, kwenye kigae kilichobandikwa juu ya jina la mama. Niliikuza picha ya msalaba kwa vidole mpaka ikavunjika viraba. Hata kaburini kwake wamemwekea mtu mwingine, na waliomweka ni watoto wake.

Binti yangu hajawahi kumwona bibi yake. Alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila anakujibu kwa Kizulu au kwa Kiingereza cha shule, na bibi kwake ni Gogo, kama Wazulu wanavyosema, hata nikisema Koko, neno la kwetu, mara ngapi. Fremu ilipohama kutoka mezani kwenda ukutani, alianza kuzungumza nayo. Nilimkuta akiisomea kitabu. Nilimkuta akiionyesha nyota aliyobandikiwa mkononi na mwalimu. Asubuhi akitoka anasema, "Bye, Gogo," na mimi narudi kwenye cherehani yangu nikijifanya sijasikia. Siku moja aliniuliza mwanya wetu umetoka kwa nani. Nikamwambia kwa Koko. Akatazama ukutani, akanitazama mimi, akarudi kwenye kitabu chake kwa adabu, kama mtoto aliyemkamata mama yake akidanganya.

Hapo nikaamua nimwonyeshe ile picha ndogo, ya simu. Lakini simu ile haikuwepo tena. Nilikuwa nimenyang'anywa kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikitoka mjini kununua uzi. Kijana alipita, akachukua, akaondoka bila hata kukimbia sana. Nilikuwa nimeilia simu kwa sababu ya namba za wateja. Picha nilijua ipo kwa mdogo wangu. Nikampigia kwa simu mpya.

"Ile ya kwanza? Nilishaifutaka, yaya. Telefone ilijaa. Si uko na ile ya muzuri?"

Nikauliza kaka zangu, nikauliza kwenye kundi la familia. Kila mtu alinitumia ile ya muzuri. Ilinijia mara nyingi jioni ile, kutoka kila upande, na kila aliyeituma aliona amenisaidia. Fundi wa Kigoma naye alitafuta kwenye kompyuta yake mpaka nikamwonea huruma. Alikuwa akifuta kazi za watu kila mwisho wa mwezi, ndivyo alivyozoea.

Nilikaa kwenye kiti cha kushonea, nimekata tamaa kabisa. Tulikuwa tumemzika mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyokuwa na bidii zaidi. Ndipo macho yalipotua kwenye fremu na nikakumbuka nilichojazia nyuma.

Niliiteremsha, nikaichana gundi, nikainua vijisumari kwa mkasi ule ule. Boksi la biskuti lilikuwa limenyonya unyevu wa ukuta. Karatasi ya viraba ilikuwa na doa la njano kwenye kilemba, lakini uso ulikuwa salama. Nikaipunguza kwa mkasi iingie kwenye dirisha la kitambaa cheupe, nikaiweka mbele, nikamweka yule mwanamke nyuma, nikatundika. Karibu, vilikuwa viraba. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa mlango, na nikiwa mlangoni viraba vikaungana. Kope likalala. Kiraba cheusi kikawa mwanya. Mama alikuwa pale ukutani Bertrams, anamchekea mtu ambaye hayumo pichani, na mimi nikamwambia yote ambayo sikuweza kumwambia kwenye matanga yake mbele ya yule mwanamke mgeni wa kwenye kioo.

Binti yangu alirudi shuleni, akatupa begi, akaenda moja kwa moja ukutani na karatasi mkononi. Akasimama.

"Ngubani lo, Mama?" Aliuliza huyu ni nani.

"Huyo ndiye Koko. Koko mwenyewe. Njoo hapa mlangoni umtazame kwa mbali."

Akaja. Ni mtoto mtiifu. Alisimama pale pale nilipokuwa nimesimama, akabana macho kama nilivyomwonyesha, akajitahidi kwa ajili yangu. Nilimwona anajitahidi. Na nikaelewa kwamba hataona kitu hata akisimama hapo mpaka akue. Kwangu viraba viliungana kwa sababu nilikuwa na uso wa kuviunganishia. Yeye hana. Sikuwahi kumpa, na sasa hakuna tena pa kuutoa.

"Uphi uGogo?" aliuliza. Gogo yuko wapi.

Nikaanza kumweleza habari za programu, za meno, za jicho. Hakusikia hata neno moja. Alianza kulia kilio ambacho nakifahamu, kile cha kwenye mikeka, huku ameikunja ile karatasi ya shule kifuani. "Ngifuna uGogo wami," alisema. "Ngifuna uGogo wami." Anamtaka bibi yake. Alikuwa na bibi, amemsomea vitabu, amemuaga kila asubuhi, na mama yake amemwondoa ukutani siku moja bila kumwambia mtu.

Nikaiteremsha fremu. Nikailaza kifudifudi mezani, naye akasimama karibu, akinishikia vijisumari kwenye kiganja, kimoja kimoja nilipovitoa. Yule mgeni nikamrudisha mbele, kwenye kioo. Mama nikamrudisha nyuma yake, na boksi la biskuti juu yake, fremu isicheze.